Siku Niliyomwita Solange Redioni

Juzi simu yangu ilikataa kuingiza umeme, nikaipeleka kwa kijana mmoja anayetengeneza simu kando ya barabara, chini ya mwavuli. Alipogusisha chuma chake cha moto kwenye risasi ya kuungia nyaya, moshi mwembamba ukapanda usoni pangu, nami nikasimama pale nimeduwaa. Kijana akaniuliza kama moshi unanikera. Nikamwambia hapana, hiyo ni harufu ya nyumbani kwetu. Akacheka, akadhani ninamtania. Sikuwa ninamtania hata kidogo. Kuna waliokulia katika harufu ya mkate, wengine ya mawese. Sisi pale Rugenge, mtaa wetu mjini, tulikulia katika harufu ya risasi iliyoyeyuka, ikichanganyika na ya ndakala, wale dagaa wa ziwani, walioanikwa kwa jirani. Kwa muda mrefu niliamini kwamba baba wote duniani wananuka vile.

Baba yangu alikuwa fundi wa redio. Meza yake ilikuwa barazani, na juu yake redio za watu zilipangana zikiwa zimefunguliwa matumbo, kila moja na karatasi yenye jina la mwenyewe. Kifaa kimoja tu pale mezani hakikuwa na karatasi, kwa sababu kilikuwa cha baba mwenyewe. Ni kile kidude ambacho wenye magari hukichomeka pale pa kuwashia sigara ili nyimbo za flashi zisikike kwenye redio ya gari. Baba alikipata kibovu, akakivua ganda, akakipanga ndani ya kopo la sabuni, akakilisha kwa betri ya pikipiki iliyopata nguvu kutoka kibao cha jua juu ya bati. Antena yake ilikuwa waya wa shaba uliopandishwa kwenye mwanzi. Halafu akakiongezea kimikro, yaani kipaza sauti kidogo, alichokitoa kwenye simu mbovu. Alikiita emeteri, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kurusha sauti, si kuipokea. Umeme ukikatika mjini, stesheni zikinyamaza, baba aliwasha emeteri yake na kuzipima redio alizozitengeneza. Hakuwahi kumrudishia mtu redio kabla hajaisikia ikisema.

Msaidizi wake katika kupima alikuwa dada yangu mkubwa, Solange. Yeye alibeba redio mkononi na kutembea nayo kwenye avenue, barabara ya mtaa wetu, huku baba akizungumza kwenye mikro. Wengine wangehesabu moja, mbili, tatu. Baba alimtania. "Solange, angalia nyuma, iko mbuzi inakufuata." Mimi nikisimama barazani nilimwona Solange kule mbali anageuka, hamwoni mbuzi, anacheka peke yake njiani kama mwendawazimu. Majirani waliokuwa na redio wazi walicheka nao. Kisha Solange aliinua mkono na kurudi. Mkono ule maana yake ilikuwa kwamba sauti imekatika, imeishia hapo. Mimi hakuna aliyenieleza. Nilidhani anainua mkono kwa sababu amechoka kutembea, na kwamba angekuwa na miguu mizuri zaidi angefika nayo hadi Bujumbura, sauti ya baba ikimfuata tu.

Katika mwaka wake wa mwisho wa sekondari, miezi michache kabla ya mtihani wa Serikali, Solange akaondoka. Alikwenda Kiringye na kijana mmoja mlimaji wa mpunga, kabla wazee wa kijana huyo hawajakanyaga kwetu hata siku moja. Aliacha barua mezani kwa baba, chini ya bisibisi. Baba aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaketi, akaendelea na redio iliyokuwa mbele yake. Jioni, tulipokuwa tunakula, akasema neno moja tu. "Ile jina sitaki kuisikia tena mu hii nyumba."

Haikuwa amri rahisi kutii. Kwetu mzazi huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na mji mzima ulimjua baba kwa jina la Papa Solange. Kwa hiyo baba akaanza kuwaambia watu wamwite Papa Riziki. Riziki ndiye mimi, mtoto wa pili. Nikiri tu kwamba nilijiona nimepandishwa cheo, nikatembea kwa maringo wiki nzima. Lakini watu hawakuweza. Mama Esta, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alikuja kuulizia redio yake akiwa amejiandaa vizuri, na bado ulimi ukamponyoka. "Papa Solange... pardon! Papa Riziki." Baba akamrudishia redio bila kumtazama. Baada ya wiki mbili kila mtu alikuwa amerudi kwenye jina la zamani, na baba akawa anaitika kwa kuguna.

Aliyeumia kuliko wote alikuwa mama. Tangu zamani mama alipotaka kuniita alianza na jina la dada, kama akina mama wote wanavyopita kwenye majina ya watoto mpaka walifikie wanalolitaka. Sasa alianza, "So...", akameza, akatulia, ndipo akasema, "Riziki." Kila siku, mara kumi, mara ishirini. Nilikuwa ninamsikia akimeza. Mimi nami nilimkumbuka dada yangu vibaya sana. Yeye ndiye aliyenisuka, ndiye niliyelala naye, ndiye aliyenifichia vipande vya samaki wa mukeke chini ya bugali ili nisinyang'anywe. Hakuna kitu nilichokitaka duniani isipokuwa Solange arudi. Nilimwuliza mama kwa nini haji. Akaniambia hawezi kuja mahali ambapo hajaitwa.

Basi nikaanza kufikiria namna ya kumwita.

Kila siku saa sita ya mchana, stesheni ya mjini ilisoma komunike. Ninyi wa rika langu mnajua jinsi avenue nzima ilivyonyamaza saa hiyo. Mwanamke mmoja mwenye sauti ya puani alisoma majina. Fulani, binti wa fulani, anayeishi mahali fulani, anaombwa kufika haraka nyumbani kwao, bila kukosa. Watu wazima walisikiliza mikono ikiwa imesimama kwenye kazi. Pale kwetu jina la mtu halikuitwa saa sita bila sababu. Kila mkubwa alijua kwamba ukisikia jina lako, kuna aliyefariki, au yuko mbioni kufariki, na familia haitaki upate pigo hilo ukiwa peke yako njiani. Hilo wakubwa walilijua. Watoto wa kwetu hawaambiwi habari za kifo, kwa hiyo mimi nilikuwa nimejiundia maelezo yangu.

Nilikuwa na ushahidi. Mzee aliyeishi nyuma yetu alikuwa na mwana wake aliyeishi mbali kule Nyakabere, ambaye hatukuwahi kumwona. Siku moja mwana huyo akaitwa redioni. Kesho yake alfajiri alikuwa amefika! Na jinsi alivyopokewa: parseli ya mzee, yaani ua wake mzima, ilijaa watu, viti viliazimwa hadi kanisani, moto uliwashwa, masufuria ya wali yalitokota, wanawake waliimba. Wengi walikuwa wanalia. Nikasema moyoni, angalieni jinsi watu wanavyompenda, wanalia kwa furaha ya kumwona. Nilipouliza mzee mwenyewe yuko wapi, nikaambiwa amekwenda kupumzika, nami nikaona ni haki yake, maana wageni walikuwa wengi mno. Hesabu yangu ikawa imekamilika. Mtu akiitwa redioni saa sita, anakuja, na akija, anafanyiwa karamu.

Siku yenyewe, mvua ya usiku ilikuwa imeharibu nyaya, mji haukuwa na umeme tangu asubuhi, na stesheni ilikuwa kimya. Watu waliacha redio zao za betri wazi zikikoroma hivyohivyo, kama walivyozoea, ili wajue stesheni ikirudi. Baba alikwenda sokoni kutafuta vipuri. Mama alikuwa ameondoka kabla hatujaamka, kwenda ziwani kununua ndakala. Nikabaki peke yangu na emeteri.

Namba za masafa za emeteri zilibadilishwa kwa kitufe kidogo. Baba alikuwa ametukataza kuigusa namba ya stesheni, akisema ile ni namba ya wenyewe. Saa sita ilipofika, nikabonyeza mpaka ikafika pale pale. Nikachukua daftari langu, ambamo nilikuwa nimeandika kila kitu siku iliyotangulia kwa herufi nzuri, nikaziba pua kidogo kwa vidole viwili ili niwe kama yule mwanamke, nikasoma:

"Komunike. Solange, binti wa Papa Solange wa Rugenge, anayeishi Kiringye, anaombwa kufika haraka nyumbani kwao, bila kukosa. Ni juu ya mama yake. Wanaomfahamu wamfikishie habari."

Nilisoma mara tatu, kama redioni. Lile neno la mama niliongeza mwenyewe, kwa sababu lilikuwa kweli: mama alimtaka. Kisha nikachomeka flashi ya baba ili pawe na muziki. Baba hakuwa na muziki mwingine zaidi ya kwaya, tena zile za polepole. Nikaketi kwenye ngazi kumsubiri dada yangu.

Wa kwanza kuja alikuwa Mama Esta. Aliingia akiwa amejifunga kitenge kiunoni, mikono miwili kichwani.

"Riziki! Mama iko wapi?"

"Hayuko," nikasema.

"Aliondoka saa ngapi?"

"Asubui sana. Hata hakutuamusha."

Mama Esta akaketi chini kama mtu aliyekatwa miguu. "Mawee! Mama Solange, rafiki yangu! Na jana tulichambua majani ya sombe pamoja!" Nikashangaa kidogo, lakini nikakumbuka kwamba hivyo ndivyo sherehe hizi zinavyoanza. Kisha akatoa simu kifuani, akampigia kaka yake, ambaye alikuwa anaendesha pikipiki ya abiria kule kwenye njia ya Kiringye. Nilimsikia akisema, "Umutafute Solange, ule binti wa fundi. Usimwambie kila kitu, utamuua. Mwambie tu akuye, umupandishe sasa hivi." Kwa nini ampigie simu wakati mimi nilikuwa nimeshamwita, sikuelewa. Nikaona Mama Esta anajipa kazi ya bure.

Baada ya hapo walikuja kwa makundi. Wanawake na mikeka, wanaume na viti vya plastiki, mmoja na mzigo wa kuni begani. Kwaya iliendelea kutoka kwenye kila redio ya avenue. Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Nilizunguka nikikaribisha watu, nikiwaonyesha kivuli kilipo, nikiwaambia, "Karibuni, Solange anakuya, iko njiani." Walinishika kichwa kwa huruma. Mzee mmoja akamnong'oneza mwenzake, nami nikamsikia, "Masikini, mutoto hajaelewa." Nikamwona yeye ndiye hajaelewa.

Ndipo mama akatokea langoni na beseni la ndakala kichwani.

Nitaeleza kwa utaratibu, kwa sababu yote yalitokea kwa pamoja. Mama aliona parseli yake imejaa watu wanaolia, akaona kiti cha baba hakina mtu, akaachia beseni. Ndakala wakatapakaa uwanja mzima, na kuku wa majirani hawajawahi kuiona siku nzuri kama ile. Watu nao walimwona marehemu amesimama langoni. Wanawake wakapiga kelele moja kali, benchi likapinduka na wazee watatu, na baba mmoja mnene, ambaye mpaka leo anakana, aliruka ukuta.

"Nani amekufa?" mama akalia. "Ni Papa Solange? Niambieni! Ni bwana yangu?"

"Ni weye!" Mama Esta akamjibu, akitetemeka. "Weye njo umekufa! Tumesikia ku radio!"

"Minye?"

"Weye!"

Wakatazamana. Mama Esta akamsogelea, akamshika mkono, akaufinya kwa nguvu, akasikia una joto. Wote wawili wakaanza kulia upya. Kabla hawajamaliza, baba naye akaingia mbio. Habari ilikuwa imemfikia sokoni. Alikuwa na kandambili moja tu, shati wazi, jasho linamtoka. Alipita mbele ya mama bila kumwona, akaingia ndani, akafungua chumba, akatoka, na alipotoka ndipo macho yake yakamkuta amesimama pale katikati ya ndakala.

"Minye niko," mama akamwambia taratibu. "Papa Solange, niko."

Baba akaketi chini, kwenye vumbi, akafunika uso kwa mikono miwili. Mabega yakaanza kutikisika. Sikuwahi kumwona baba yangu akilia, na kilio kile hakikuwa na furaha hata chembe. Hapo ndipo nilipoelewa. Nilielewa yote kwa mpigo mmoja: yule mzee wa nyuma yetu alikwenda wapi, viti vile ni vya nini, watu wanalia nini. Nilikuwa nimemuua mama yangu mbele ya mji mzima.

Baba alipoinua uso, akauliza nani aliyesema. Wakamjibu ni redio.

"Radio gani? Stesheni imenyamaza toka asubui!"

Kila mtu akanyamaza, na katika ule ukimya tukaisikia kwaya ikiimba polepole kutoka mezani. Baba akageuza kichwa. Akaiona taa ndogo ya emeteri inawaka, akaiona namba. Kisha akanitazama mimi.

"Ni minye, Papa," nikasema. "Nilikuwa naita Solange akuye."

Jina lile, kama jina la dada mwenyewe na si la Papa Solange, hakuna kati yetu aliyekuwa amelitamka mbele ya baba karibu mwaka mzima. Nilidhani atanirukia. Lakini fundi ni fundi, na kilichomtoka kwanza kilikuwa cha ufundi. "Solange? Na hii mashine? Hii haifike hata ku kanisa, Riziki! Inaishia pale ku duka ya kona!"

"Kwa hiyo hakusikia?"

"Atasikia namna gani? Kiringye ni mbali!"

Ndipo nikalia. Katika watu wote waliolia siku ile hakuna aliyelia kama mimi. Nilikuwa nimemuua mama bure, nimemliza baba bure, na Solange hakusikia hata neno moja. Mama aliniinua, akanibana kifuani, na nguo yake inanuka samaki. Alinibembeleza bila kusema kitu. Tulikuwa bado hivyo, watu wanakusanya mikeka yao kwa aibu na wengine wameanza kucheka chinichini, pikipiki iliposimama langoni.

Sauti yake ilitangulia. "Mama weee! Mama, ungeningojea!" Solange aliingia akiwa na matope ya shambani mpaka magotini, mtoto mgongoni, kitenge kimechanika, ameshikiliwa na kaka yake Mama Esta ili asianguke. Mama akaniachia. Solange akamwona. Alisimama akatikisa kichwa kama anayekataa kitu, kisha akajitupa mbele, na mama akamdaka. Walishikana hivyo, mtoto akiwa katikati yao amebanwa na kupiga kelele. Emeteri haikufika Kiringye, lakini ilimfikia Mama Esta, na Mama Esta alifika.

Baba aliinuka. Alijipangusa vumbi, akatupa kisogo, akaenda kwenye meza yake. Akachukua bisibisi na redio ya mtu, akaanza kufungua skrubu. Watu wote walikuwa wanamtazama ule mgongo. Alikuwa na haki ya kumrudisha Solange njia aliyojia, hakuna ambaye angemlaumu. Binti aliyeondoka bila kuombwa haingii hivihivi, hata kwenye kilio. Solange alijivuta mpaka ukingo wa baraza, akapiga magoti.

"Papa, unisamehe."

Baba akafungua skrubu ya pili. Hakugeuka.

Watu huniuliza, nikiwasimulia, kama nilichapwa. Nilichapwa, ndiyo, kesho yake asubuhi, fimbo tano za mwanzi ule ule uliobeba antena, na nilizistahili zote. Huniuliza pia kuhusu yule kijana wa mpunga. Wazee wake walikuja mwezi uliofuata, wakakaa, wakasema yaliyopaswa kusemwa tangu mwanzo, na wali wa Kiringye haujakosekana kwetu tangu siku hiyo. Lakini hayo yote yalikuwa bado. Mchana ule palikuwa na mgongo wa baba tu, na dada yangu amepiga magoti, na mimi ninaomba kimoyomoyo kwa kila sala ninayoijua.

Aliyevunja ukimya alikuwa Mama Esta, ambaye mdomo wake haujawahi kukaa kimya zaidi ya dakika tatu. "Papa Solange," akasema, "batu bangali banakuya. Angalia kule chini, barabara imejaa. Benye kusikia bamepigia benzabo simu. Habari imetoka ku mashine yako, ni ku mashine yako itarudia."

"Riziki aseme," baba akajibu bila kuinua macho. "Yee njo alisema ya kwanza."

"Mutoto hawezi kufufua mama yake," mmoja wa wale wazee wa benchi lililopinduka akasema, akijikuna kiwiko. "Ni mwenye nyumba. Ni weye."

Wengine wakaitikia kwamba ni kweli. Baba akaweka bisibisi chini. Akachomoa flashi, kwaya ikakatika, akaushika mikro. Redio za majirani zilikuwa bado wazi, kwa hiyo pumzi yake ya kwanza tuliisikia mara mbili, mara moja kutoka mdomoni mwake na mara nyingine kutoka upande wa pili wa ukuta.

"Komunike," akasema. "Familia ya Papa..."

Nikaona anameza, vilevile kama mama.

"Familia ya Papa Solange, ya Rugenge, inajulisha batu bote kama Mama Solange iko muzima. Ile habari ilikuwa ya makosa. Benye iko njiani barudie kwabo na amani. Benye bamekwisha kufika, babakie, tutakula pamoja."

Tulidhani amemaliza. Mama Esta alikuwa tayari amefungua mdomo. Lakini baba hakuuachia mikro. Aliugeuza kidogo mkononi.

"Tena," akasema. "Solange, mutoto yangu, mwenye aliitwa hapa saa sita, amefika. Tunashukuru benye bamemufikisha. Amefika na mutoto wake, mwenye anaitwa..."

Hapo akakwama. Redio zote za avenue zikakoroma, zikisubiri, na mtoto mwenyewe akapiga chafya. Baba yangu hakulijua jina la mjukuu wake. Taratibu, kiti chake kikilia, akageuka na kumtazama dada yangu, mikro ikiwa bado mbele ya mdomo wake.

"Solange," akamwuliza, "mutoto anaitwa nani?"

Dada akajibu, lakini kwa sauti ndogo sana iliyojaa machozi, na hata mimi niliyekuwa karibu sikusikia. Baba akasukuma meza kando, akamnyooshea mkono wenye mikro.

"Karibia," akamwambia. "Karibia hapa, useme tena, batu bote basikie."